Mama alipata kiharusi, mkono ukafunga ngumi: sindano ya botulini imetusaidia nini (Mtwara)

BintiTandahimba (mleta uzi)

Wakuu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo, habari zenu. Humu naona mara kwa mara mtu anauliza habari za mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono umejikunja na haufunguki, na majibu mengi yanaishia kwenye pole na mafuta ya kuchua. Kuna matibabu ambayo huku kwetu hayatajwi sana. Nataka niyaeleze kwa kirefu, maana ukiyasikia mapema yanasaidia, ukichelewa sana mkono unakuwa umeshaganda na hapo hata dawa ya bei gani haiufungui.

Mama yangu amebangua korosho tangu akiwa msichana. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa umelegea kabisa, ukiuinua unaanguka. Baadaye ukaanza kukaza. Kiwiko kilijikunja, kiganja kikapinda kwa ndani, vidole vikafunga na dole gumba likabanwa humo humo ndani ya ngumi. Majirani walikuja wakafurahi, wakasema nguvu zinarudi. Zile hazikuwa nguvu. Ubongo ulioumia umeshindwa kuituliza misuli, kwa hiyo misuli inajikaza yenyewe saa zote, mgonjwa atake asitake.

Aliyewahi kumwuguza mtu wa namna hii anajua ninachokisema. Kucha zinaota zinachoma kiganja. Jasho la Desemba la Mtwara linabaki limefungiwa mle, ngozi inageuka nyeupe, inachubuka, inatoa harufu. Kumwosha mkono tulikuwa tunakaa wawili, mmoja anafungua kidole kimoja kimoja na mwingine anapitisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na mama anang'ata upande wa kanga ili asipige kelele. Kumvalisha dera ilikuwa shughuli nyingine. Mtu akikwambia tatizo la kiharusi ni kutembea tu, hajawahi kumwogesha mgonjwa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyetutajia sindano ya botulini. Tulisafiri Dar. Daktari aliishika misuli, akaitazama kwa ultrasaundi, akaweka alama kwa kalamu ya wino kwenye ngozi, kisha akadunga sehemu kadhaa za kigasha na moja ya mkono wa juu kwa sindano nyembamba sana. Tuliondoka siku hiyo hiyo.

Siku za kwanza hakuna kilichobadilika, na ndivyo ilivyo: dawa huanza kuonekana baada ya siku 2 au 3, na wengine huchukua hadi wiki 2. Kisha asubuhi moja nikiwa namwogesha nikashika kidole cha shahada, nikakivuta polepole kama kawaida, kikaja. Vingine vikafuata. Kiganja kilikuwa na alama nne nyekundu za kucha, moja ina kidonda. Nilizikata kucha zote siku hiyo bila mtu wa kunisaidia.

Niseme wazi ili asiwepo wa kudanganyika: mama habangui tena. Vidole havijapata nguvu ya kushika kisu wala kuokota korosho moja moja. Alichopata ni mkono unaooshwa, unaovalishwa, usiouma usiku, na ambao sasa anauweka mezani kukandamizia sahani wakati mkono wa kushoto unafanya kazi. Kwetu hilo ni kubwa mno.

Dawa yenyewe hudumu miezi 3 hivi, pengine 4, kisha misuli inaanza kukaza tena. Haiponyi kiharusi. Inafanana na salfa kwenye mikorosho: inazuia ubwiriunga usile maua, lakini kuokota na kubangua ni kazi yako, na msimu ujao utapuliza tena. Ile miezi ambayo misuli imelegea ndiyo ya kunyoosha kila siku, kuvaa splinti (kifaa cha kuushikilia mkono usijikunje) na kumfundisha mgonjwa upya. Ukienda kudungwa ukarudi nyumbani ukakaa tu, umetupa hela baharini.

Mwenye swali aulize, na wataalamu waliomo humu waongezee.

MtuWaMikindani

Dada pole sana kwa kuuguza, na Mungu amzidishie mama nafuu. Ila hii si ile ya kuondoa makunyanzi usoni? Na nimesoma ni sumu inayoua. Sasa mgonjwa mzee ambaye tayari ameshaumwa unamdungaje sumu? Nauliza kwa nia njema.

BintiTandahimba

Swali zuri kaka, nami nilimuuliza daktari hivyo hivyo.

Ni sumu kweli. Inatengenezwa na bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, anayependa kukaa pasipo na hewa, kama kwenye nyama au mikebe iliyofungwa vibaya. Ukila chakula chenye sumu hiyo misuli ya mwili mzima inalegea mpaka ya kupumulia. Mjerumani Justinus Kerner, daktari na mshairi, aliuchunguza ugonjwa huo miaka ya 1820 baada ya watu kufa kwa kula soseji, na tangu wakati huo akawaza kwamba kitu kinacholegeza misuli kiasi hicho kinaweza siku moja kuwa dawa. Bakteria mwenyewe aligunduliwa na Émile van Ermengem huko Ubelgiji, baada ya watu kuugua mwaka 1895 kwa kula nyama ya nguruwe msibani.

Aliyeifanya dawa ni daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott. Alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua. Alianza kwa nyani, matokeo akayachapisha mwaka 1973, halafu akaendelea kwa binadamu. Marekani waliiruhusu rasmi Desemba 1989 kwa makengeza na kwa watu ambao kope zinajifumba zenyewe. Mwaka 2000 wakaruhusu kwa shingo inayopinda. Ya makunyanzi wameiruhusu 2002, yaani wagonjwa walitangulia kwa zaidi ya miaka 10. Hata hilo la urembo liligunduliwa na daktari wa macho wa Kanada, Jean Carruthers, aliyekuwa anatibu kope.

Kuhusu kuua: kinachodungwa ni kiasi kidogo mno, cha kupimwa kwa nanogramu, na kinawekwa ndani ya msuli husika. Dozi na mahali pa kudunga ndivyo vinavyoitofautisha dawa na sumu. Ndiyo maana si kitu cha kudungwa na yeyote yule.

FizioKusini

Nafanya kazi ya mazoezi tiba mikoa hii ya kusini. Dada ameeleza vizuri sana, naongezea upande wetu.

Neva ikitaka msuli ujikaze inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Botulini inaingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayosaidia kuimwaga kemikali hiyo. Neva haifi. Baada ya miezi kadhaa inajirudisha, na ndiyo sababu dawa inaisha. Kurudia kudunga hakufanywi kabla ya wiki 12, maana ukidunga mara kwa mara mwili unaweza kutengeneza kinga na dawa ikaacha kufanya kazi.

Sasa hili ningependa kila familia ilijue. Kabla ya sindano kaeni na mgonjwa mkubaliane mnataka nini. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, wa watu 126 wenye mikono iliyokaza baada ya kiharusi. Kila mgonjwa alichagua jambo moja linalomsumbua zaidi kati ya manne: usafi wa kiganja, kuvaa, mkao wa mkono, au maumivu. Waliopata dawa walipata nafuu zaidi katika jambo walilolichagua kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa. Angalieni hayo manne: hakuna kufuma, hakuna kuandika. Ukienda na matumaini ya mkono kurudi kama zamani utaondoka na huzuni hata kama dawa imefanya kazi yake sawasawa.

Jambo la pili. Mkono ukikaza ghafla kuliko wiki iliyopita, msikimbilie sindano. Tafuteni kinachomsumbua mwilini: mkojo wenye maambukizi, choo kigumu, kidonda cha mgongoni kwa kulala upande mmoja, ukucha ulioingia nyamani, hata nguo inayobana. Mwenye kiharusi anaweza asiseme panapouma, misuli yake ndiyo inayosema. Nimeona mgonjwa analegea baada tu ya kutibiwa mkojo.

MamaArafa_Lindi

Asanteni kwa uzi huu jamani. Mimi niko Lindi, mwanangu ana mtindio wa ubongo, alichelewa kulia alipozaliwa. Ana miaka minne. Akisimamishwa anakanyagia ncha za vidole na miguu inapishana kama mkasi. Mate yanamtoka muda wote, kifua cha nguo kinalowa. Hii dawa inawafaa na watoto au ni ya wazee wa kiharusi tu?

FizioKusini

Mama Arafa pole na hongera kwa malezi. Inawafaa, na watoto ni kundi mojawapo linalofaidika zaidi. Huko nje inatumika kwa watoto kuanzia miaka 2. Kwa anayekanyagia vidole hudungwa misuli ya shavu la mguu, kwa miguu inayopishana hudungwa ya paja kwa ndani. Dozi hupigwa kwa uzito wa mtoto. Umri wa mwanao ni mzuri, kwa sababu mtoto anakua: mfupa unarefuka, msuli uliokaza haurefuki kwa kasi hiyo, kadiri miaka inavyokwenda kano zinafupika, na hapo njia inakuwa kupasuliwa. Mara nyingi baada ya sindano mtoto hufungwa hogo la mguu kwa wiki chache, au hupewa viatu vya kushikilia kifundo, ili ule ulegevu utumike kurefusha msuli.

Mate nayo yana sindano yake, hudungwa kwenye tezi za mate. Hiyo inataka mkono wenye uzoefu zaidi, maana dawa ikisambaa kwenye koo kumeza kunakuwa shida.

Hata kama sindano hutaipata mwaka huu, usiache haya: mnyooshe nyayo juu kila siku taratibu bila kumkurupusha, asikae muda mrefu miguu imekunjwa nyuma kama herufi W, na akae kwenye kiti kinachomshikilia kiuno.

MamaArafa_Lindi

Hiyo ya kukaa W ndiyo anayoipenda kuliko zote. Nashukuru sana, nitamrekebisha.

MchongaMpingo

Salaam wakuu. Mimi ni mchongaji, kazi ya baba na babu. Sijapata kiharusi, presha yangu iko sawa. Tatizo langu ni kwamba nikishika patasi tu, vidole viwili vinajikunja vyenyewe na kiganja kinapinda. Nikiiweka chini mkono uko sawa, nakula, nabeba ndoo, nafunga vifungo. Nimeambiwa ni mizimu inanikataa. Nimeambiwa pia ni woga. Wateja nawapunguza na watoto wanasoma.

BintiTandahimba

Kaka yangu, hili nililisikia palepale kliniki Dar, alikuwepo mwalimu ambaye akishika kalamu tu mkono unajipinda. Daktari alimwambia ni distonia ya kazi. Si woga.

FizioKusini

Mchongaji, unachokieleza ni cha kumwonyesha daktari wa mishipa ya fahamu, na nenda na patasi yako na kipande cha mti akuone ukichonga. Bila hivyo atakuona mzima.

Distonia ni hali ya ubongo kupeleka amri zilizochanganyika kwa misuli. Ipo ya shingo, inayovuta kichwa upande mmoja. Ipo ya kope, mtu anafumba macho mpaka hawezi kuvuka barabara. Ipo inayokuja kwenye kazi moja tu ya mikono iliyorudiwa miaka mingi, na waandishi na wapiga ala wanaipata sana. Kwa distonia ya shingo na kope botulini ndiyo tiba ya kuanza nayo. Kwa mkono wa kazi inasaidia wengi, ila kupata kipimo ni kazi ya uangalifu: ikizidi kidogo, kidole kinakosa nguvu ya kushika patasi. Wakati unasubiri, jaribu kunenepesha mpini kwa kuuzungushia kitambaa au mpira wa baiskeli na kubadili namna ya kushika. Kuna wanaopata nafuu kwa hilo tu.

NachingweaKwetu

Na kipandauso je? Dada yangu kichwa kinamuuma zaidi ya nusu ya mwezi.

FizioKusini

Inatumika, kwa kipandauso sugu: kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo ziwe za kipandauso chenyewe. Hudungwa sehemu 31 za paji la uso, kichwani, shingoni na mabegani, kila wiki 12. Ila kwanza aanze vidonge vya kuzuia, ni vya bei nafuu na vinapatikana. Na mwulize anameza dawa za maumivu siku ngapi kwa mwezi. Kuzimeza karibu kila siku kwenyewe kunaleta kichwa kuuma.

KijanaWaMasasi

Wakuu tuzungumze hela. Kuna mtu WhatsApp anauza chupa kutoka Dar, anasema anampa kondakta wa basi naichukua stendi, halafu nesi yeyote ananidungia. Bei yake ni karibu nusu ya niliyoambiwa hospitali.

BintiTandahimba

Mdogo wangu, usinunue. Nakuomba kabisa.

Chupa hizi nyingi zinatakiwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, basi linapita Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi, na chupa iko kwenye buti na mizigo ya watu. Ikifika hujui umenunua dawa au maji. Dawa bandia ya aina hii imewahi kukamatwa nchi za nje. Isitoshe uniti za kampuni moja si sawa na uniti za nyingine. Uniti 100 za Botox huwezi kuzigeuza moja kwa moja kuwa uniti 100 za Dysport, ingawa zote mbili ni botulini. Nesi asiyefundishwa akichanganya hapo anaweza kumpa mgonjwa isivyo.

Bei ni kubwa, silifichi, sisi tuliuza ng'ombe na ndugu wakachanga. Kabla hujakata tiketi piga simu hospitali uulize dawa ipo au haipo, bei ya chupa ni ngapi, na mgonjwa wako atahitaji chupa moja au zaidi. Kwenye bima uliza kabla, na upate jibu la maandishi.

FizioKusini

Naunga mkono. Na isipopatikana, mgonjwa hana sababu ya kukaa bila tiba. Kuna vidonge vya baklofeni na diazepamu, vinalegeza mwili mzima na kuleta usingizi, na baklofeni usiikatishe ghafla hata siku moja, inaweza kuleta degedege. Kuna sindano ya fenoli kwenye neva, ya bei ndogo kuliko botulini, japo inahitaji daktari anayeijua na kwa baadhi ya neva inaacha maumivu. Kuna splinti na hogo. Mimi ningependa kuona mgonjwa aliyenyooshwa kila siku bila sindano kuliko aliyedungwa akaachwa.

MzeeWaChikongola

Wanangu, nimewasoma wote. Baba yenu mdogo, yaani mdogo wangu, amekaa na mkono umekunjwa mwaka na zaidi. Tumemchua kwa mafuta ya nyonyo, mchuaji anamvuta mkono kwa nguvu mpaka analia, bega sasa limeshuka na linamuuma usiku. Je, sindano hii bado inamfaa au muda wake umepita?

BintiTandahimba

Shikamoo mzee wangu, pole sana na mgonjwa. Mtaalamu atakujibu, ila kwanza naomba msimamishe huko kuvuta.

FizioKusini

Shikamoo mzee. Mafuta na kukanda taratibu hakuna ubaya, vinampa mgonjwa faraja. Kuvuta ndiko kunakoumiza. Bega la mwenye kiharusi halina misuli ya kulishikilia, ukivuta mkono linateguka. Msimnyanyue kwa kumshika kwapani wala kwa mkono ule. Akikaa, mkono uwe juu ya mto au meza, usining'inie.

Kama muda umepita au la, tutajua kwa kumwangalia. Leo usiku akiwa amelala fofofo, mshike kiganja ukifungue polepole sana, uhesabu mpaka thelathini. Vidole vikifunguka hata kidogo, bado ni msuli unaokaza, na sindano ina kazi ya kufanya. Visipofunguka kabisa, huenda kano zimeshafupika. Hapo botulini peke yake haisaidii, atapimwa kama anafaa hogo la kunyoosha kidogo kidogo au upasuaji wa kurefusha kano. Wengi wana vyote viwili pamoja, kwa hiyo usikate tamaa kwa jibu la usiku mmoja.

Mlete kwenye kitengo cha mazoezi tiba cha hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi, na mje na dawa zake zote kwenye mfuko, hasa ya kuzuia damu kuganda kama anatumia. Mwambieni daktari pia kama amewahi kuwa na ugonjwa wa misuli kuchoka, au kama anachomwa jentamaisini kwa sasa, maana hiyo inaongeza nguvu ya botulini. Na yeyote atakayedungwa, akianza kupaliwa na chakula, sauti kubadilika au pumzi kuwa nzito, hata kama wiki zimepita, ni hospitali saa hiyo hiyo.

MzeeWaChikongola

Marahaba mwanangu. Nimejaribu usiku. Dole gumba na cha shahada vimefunguka, vitatu vya mwisho vimegoma. Jumatatu tunamleta, na mchuaji nimeshamwambia asimguse bega.

FizioKusini

Viwili kufunguka ni habari njema mzee. Mje asubuhi, na aje mtu mmoja ambaye anamwogesha kila siku, huyo ndiye nitakayemfundisha kumnyoosha.